Hendeli ya Daktari Gatling

Mwaka 1718 wakili mmoja wa London aitwaye James Puckle alipewa hataza namba 418 kwa bunduki ya kulinda meli. Ilisimama juu ya miguu mitatu, ina mtutu mmoja, na nyuma ya mtutu kuna silinda yenye matundu yaliyokwisha kujazwa baruti na risasi. Mpigaji akishafyatua, huzungusha hendeli, tundu jipya likaja kukaa sawasawa na mtutu, akafyatua tena. Puckle aliandaa silinda za aina mbili: moja ya risasi za mviringo kwa ajili ya maadui Wakristo, nyingine ya risasi za pembe nne kwa ajili ya Waturuki, kwa imani kwamba za pembe nne zinaumiza zaidi. Mwaka 1722 bunduki hiyo ilipiga risasi 63 kwa dakika 7 huku mvua ikinyesha. Askari hodari mwenye gobori, hata jua likiwaka, angetoa jasho kufikisha tatu kwa dakika.

Jeshi halikuitaka. Watu wa mjini wakatania kwamba waliojeruhiwa nayo ni wenye hisa wa kampuni yake tu. Mnunuzi aliyejulikana ni Duke wa Montagu, aliyechukua mbili kwa safari ya kwenda kukalia kisiwa cha Saint Lucia. Zilizosalia hadi leo zimetunzwa katika majumba yaliyokuwa ya ukoo wake, Boughton na Beaulieu, na si mbali na Beaulieu, katika makumbusho ya Buckler's Hard, imewekwa nakala yake. Silaha iliyokosa soko ilipata watunzaji, kisha ikapata na fundi wa kuiunda upya.

Hiyo ndiyo hadithi ya bunduki za hendeli karibu zote. Katika uwanja wa vita enzi yao haikufika miaka hamsini, na kwa wakusanyaji imeshapita mia. Na kitu kilichoyafanya majeshi yazitupe ndicho kilichowafanya raia waruhusiwe kuwa nazo, yaani ile hendeli yenyewe, mkono wa chuma kama wa kuwashia malori ya zamani.

Richard Jordan Gatling, ambaye jina lake limemeza majina ya wenzake wote, alizaliwa Septemba 12, 1818 katika wilaya ya Hertford, North Carolina. Baba yake alikuwa mkulima aliyebuni mashine za shamba la pamba, na mtoto alifuata nyayo. Mashine yake ya kupanda mpunga, aliyoigeuza baadaye ikapanda ngano, ndiyo iliyompa mtaji. Katika majira ya baridi ya 1845 alishikwa na ndui akiwa ndani ya stima iliyonaswa na barafu mtoni, na humo hamkuwa na mtu wa kumtibu. Aliponusurika alikwenda kusoma udaktari Ohio, akamaliza mwaka 1850, lakini hakuifanya kazi hiyo. Aliendelea na mashine zake. Cheo cha daktari tu ndicho kilichomganda mpaka kaburini.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 alikuwa Indianapolis, akiona vijana wakipanda treni kwenda vitani, na treni hizohizo zikirudi na majeruhi, wagonjwa na majeneza. Katika barua ya mwaka 1877 kwa Bi Lizzie Jarvis alieleza kwamba hapo ndipo wazo lilipomjia: mashine ikimwezesha mtu mmoja kufanya kazi ya mia, majeshi makubwa hayatahitajika, na wengi wataepuka risasi na maradhi. Waandishi wameipenda barua hiyo kupita kiasi. Isomwe kwa tahadhari, kwa kuwa iliandikwa miaka 15 baada ya hataza, na aliyeiandika alikuwa bado mfanyabiashara anayetafuta wateja.

Wala hakuwa wa kwanza kushika hendeli katika vita hivyo. Mwaka huohuo wa 1861 Rais Abraham Lincoln alionyeshwa bunduki ya Agar, yenye mtutu mmoja na kikasha cha risasi kilichopanuka juu kama mdomo wa faneli. Lincoln alipoiona aliiita kinu cha kahawa, na jina likashika. Serikali ilinunua 10 za kwanza kwa dola 1,300 kila moja. Tatizo lake lilikuwa la maumbile: mtutu mmoja ukipiga mfululizo hupata moto mpaka haufai.

Gatling alilitatua hilo. Hataza yake, namba 36,836, ilitolewa Novemba 4, 1862. Watu wengi walishafunga mitutu kitita kimoja kabla yake. Alichoongeza yeye ni mgawanyo wa kazi, na inafaa kuutazama kwa karibu kwa sababu ndio unaowatia wazimu mafundi wa leo.

Chukua mitutu sita, ipange duara kuuzunguka mhimili mmoja. Nyuma ya kila mtutu weka komeo lake, lenye pini ya kupigia na springi. Mitutu na makomeo vyote vinazunguka pamoja, ila kasha lililoyafunika makomeo halizunguki. Ndani ya kasha hilo kumechongwa njia inayopanda na kushuka kwa mshazari, na mkia wa kila komeo umeikanyaga njia hiyo. Sasa zungusha hendeli. Komeo likiwa juu, risasi inadondoka kwa uzito wake mbele yake. Likianza kuteremka upande mmoja, njia inalisukuma mbele, nalo linaiingiza risasi mtutuni. Likifika chini, springi inaachia na pini inapiga. Likipanda upande wa pili, njia inalirudisha nyuma, ndoano yake inalikokota ganda tupu na kuliangusha mchangani. Wakati mtutu mmoja unapiga, mwingine unajazwa, mwingine unatapika ganda, mwingine unapoa. Kila mtutu hupiga mara moja tu katika mzunguko mzima. Kwa mtindo huo bunduki ya mwaka 1862 iliweza kutoa risasi 200 hivi kwa dakika.

Bunduki za mwanzo zilikuwa na kasoro zake. Badala ya risasi kamili za ganda la shaba zilitumia vibomba vya chuma vilivyojazwa baruti na kuvikwa fataki, na moshi na gesi vilivuja kwenye kiungo cha kibomba na mtutu. Sita za kwanza, zilizotengenezwa Cincinnati, ziliteketea pamoja na kiwanda Desemba 1862. Nyingine 13 zikatengenezwa katika kampuni nyingine ya mji huohuo, na Jenerali Benjamin Butler akanunua 12 kwa dola 1,000 kila moja. Zilipelekwa kwenye mazingiwa ya Petersburg. Jeshi kwa ujumla wake halikushawishika: mkuu wa silaha, James Ripley, hakuvumilia vitu vipya vilivyokula risasi bila hesabu, na kuzaliwa kwa Gatling upande wa kusini kuliwafanya baadhi ya wakubwa wamshuku.

Ushindi wake ulikuja vita vilipokwisha. Hataza ya Mei 9, 1865 iliingiza risasi za ganda la shaba, na mwaka 1866 Jeshi la Marekani likaagiza bunduki 100, 50 za inchi moja na 50 za nusu inchi, zitengenezwe na Colt mjini Hartford. Kuanzia hapo Hartford ndiyo ikawa nyumbani kwa Gatling. Warusi walimtuma Jenerali Aleksandr Gorlov kusimamia za kwao, naye akabandika vibao vyenye jina lake, ikawa Urusi watu wanaziita bunduki za Gorlov. Waingereza walipewa za kiwanda cha Armstrong. Wachina waliunda zao Nanjing. Muundo mfupi wa 1874 uliitwa bunduki ya ngamia, na michoro ya matangazo ilimwonyesha ngamia akiibeba mgongoni huku mpigaji akizungusha hendeli. Mwenye kumjua ngamia atajiuliza mchoraji alimwona wapi aliyetulia kiasi hicho.

Wafaransa walifuata njia yao. Mitrailleuse ya de Reffye, iliyotengenezwa kwa siri kubwa Meudon, ilikuwa na mitutu 25 isiyozunguka. Risasi 25 zilipangwa kwenye bamba, bamba likabanwa nyuma, kisha hendeli ikazifyatua moja baada ya nyingine. Siri ilitunzwa vizuri mno, hata makamanda wenyewe hawakujua waitumieje vita vya 1870 vilipoanza. Waliipanga nyuma kama mzinga, na mizinga halisi ya Wajerumani ikaifikia kutoka mbali.

Wengine walileta mitindo yao. William Gardner wa Toledo, Ohio alibuni bunduki ya hendeli yenye mitutu miwili kwa kawaida, nyepesi na rahisi kuliko Gatling. Helge Palmcrantz wa Sweden alibuni ya mkono unaosukumwa mbele na nyuma badala ya kuzungushwa, ikauzwa kwa jina la aliyemfadhili, Thorsten Nordenfelt. Nordenfelt ya mitutu 10 ilionyeshwa Portsmouth mwaka 1882 ikapiga risasi 3,000 kwa dakika 3 na sekunde 3. Wanamaji walizipenda hizi, kwa kuwa boti ndogo zenye torpedo zilikuwa zimeanza kuwatisha.

Vitani sifa zao zilikuwa nusu kwa nusu. Mwaka 1876 Luteni Kanali George Custer alikataa kuchukua Gatling alizopewa, akidai zitamchelewesha njiani. Yaliyompata Little Bighorn yanajulikana, ingawa ni vigumu kuamini kwamba mikokoteni hiyo ingeyazuia katika mabonde yale. Julai 4, 1879 Gatling mbili zilikuwa katikati ya upande wa mbele wa mraba wa Waingereza huko Ulundi, na Wazulu walioukimbilia mraba ule walianguka kwa mamia kwa mizinga, bunduki za kawaida na hizo mbili, ambazo hata hivyo zilikwama zaidi ya mara moja. Januari 17, 1885 huko Abu Klea, Sudan, Gardner ya wanamaji ilitolewa nje ya mraba, ikapiga risasi 70 hivi, ikagoma. Waliokuwa wakiihudumia waliuawa wengi palepale. Shairi maarufu la Henry Newbolt, Vitaï Lampada, limeitupia Gatling lawama ya siku hiyo. Iliyogoma ilikuwa Gardner.

Chanzo kimoja cha kukwama kilikuwa ndani ya risasi zenyewe. Risasi za Kiingereza za wakati huo zilikuwa na ganda la karatasi nyembamba ya shaba iliyoviringishwa, na kitako kilichobandikwa. Katika bunduki ya kawaida ganda likichanika, askari hulichokoa kwa kisu akaendelea. Katika mashine inayokokota maganda kwa nguvu ya mkono wa mtu mwenye hofu, kitako hung'oka na ganda likabaki mtutuni, risasi inayofuata ikasukumwa humohumo. Ongeza mchanga, masizi ya baruti nyeusi, na mpigaji anayezungusha kwa pupa.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilizijua. Baada ya kimbunga cha 1872 kuziangamiza meli za Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash aliundiwa meli mpya Scotland na kampuni ya Denny ya Dumbarton, ikakamilika mwaka 1878. Iliitwa Glasgow, kwa kuiga manowari ya Kiingereza ya jina hilo, na silaha zake zilikuwa mizinga midogo saba na Gatling moja. Kwa miaka mingi ilitia nanga mbele ya Forodhani bila kazi kubwa. Asubuhi ya Agosti 27, 1896, Sayyid Khalid bin Barghash alipokataa kuondoka kwenye jumba la kifalme, manowari za Admirali Harry Rawson wa Uingereza zilianza kupiga saa tatu na dakika chache. Ndani ya jumba watu wa Khalid walikuwa na Maxim kadhaa, Gatling moja, mzinga wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili waliyopewa zawadi na Kaisari wa Ujerumani. Glasgow ilijaribu kujibu, ikazamishwa. Vita havikufika saa nzima, na upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Milingoti ya Glasgow ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka, mpaka mabaki yake yalipoondolewa mwaka 1912.

Katika orodha hiyo ya silaha za jumba la Khalid, jina la Maxim limetangulia kwa wingi, na hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa duniani kote. Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia London, aliunda mwaka 1884 bunduki iliyojiendesha kwa nguvu ya msukumo wake wenyewe: risasi ikitoka mbele, kishindo cha kurudi nyuma kinatoa ganda na kupakia nyingine. Ikafanya kazi kwa mtutu mmoja uliopozwa kwa maji. Mwaka 1887 Henry Stanley alikuja na mojawapo Afrika katika safari ya kumtafuta Emin Pasha. Hii ndiyo bombomu ambayo babu zetu waliikuta mikononi mwa Waingereza na Wajerumani, na mbele yake mtu wa kuzungusha hendeli alikuwa mzigo.

Gatling hakukubali kushindwa. Mwaka 1893 alipata hataza ya kuizungusha kwa mota ya umeme, na ikasemekana inafikia risasi 3,000 kwa dakika. Hakuna aliyejua aitumie wapi kasi hiyo, na mota ilihitaji umeme ambao askari nyikani hana. Gatling ilipata siku moja tu ya heshima kubwa. Julai 1, 1898, kwenye vilima vya San Juan nchini Cuba, Luteni John Henry Parker alizikokota bunduki zake nne za muundo wa 1895, na tatu kati yake zikapiga kwa dakika nane na nusu huku askari wa miguu wakipanda. Theodore Roosevelt, aliyekuwa kilimani siku hiyo, alizisifu waziwazi. Gatling mwenyewe alifariki New York Februari 26, 1903, na mwaka 1911 Jeshi la Marekani likatangaza kwamba bunduki yake imepitwa na wakati.

Silaha iliyofutwa kwenye daftari la jeshi haitoweki. Huuzwa. Na mnunuzi mkubwa kuliko wote wakati huo alikuwa Francis Bannerman, mzaliwa wa Dundee, Scotland, aliyekulia Brooklyn. Baada ya vita vya 1898 alinunua sehemu kubwa sana ya silaha zilizotekwa kwa Wahispania, mpaka wakuu wa jiji wakaogopa baruti zake. Mwaka 1900 akanunua kisiwa cha Pollepel katika mto Hudson, akajenga juu yake ghala lenye umbo la ngome ya Kiskoti, na jina lake akaliandika ukutani kwa herufi kubwa zinazosomeka kutoka kwenye treni. Duka lake lilikuwa namba 501 Broadway. Katalogi zake nene, zilizojaa picha za mapanga, mizinga, helmeti na Gatling, zilitumwa kwa majemadari wa nchi ndogo, watayarishaji wa michezo ya kuigiza, vyama vya maveterani na watoto wa shule walioota ndoto. Mtu angeweza kuagiza Gatling kwa barua. Baruti za kisiwani zililipuka mwaka 1920, na ngome ikaungua Agosti 1969, lakini katalogi zimebaki, na wakusanyaji huzinunua kama wanavyonunua bunduki zenyewe.

Lililoamua hatima ya bunduki hizi lilitoka kwa watoza kodi. Mwaka 1934, baada ya miaka ya majambazi wa Chicago na bunduki zao za Thompson, Marekani ilipitisha sheria iliyoiwekea bombomu kodi ya dola 200, wakati dola 200 zilikuwa fedha za kununulia bunduki yenyewe. Sheria hiyo ilifafanua bombomu kuwa bunduki inayopiga zaidi ya risasi moja yenyewe kwa tendo moja la kifyatulio. Je, Gatling? Mwaka 1955 mamlaka ya kodi ilitoa uamuzi namba 55-528: Gatling ya hendeli, ya asili au nakala yake, haimo. Haijiendeshi. Kila risasi inayotoka, ni mkono wa mtu uliofanya kazi, na mkono ukisimama bunduki nayo imesimama.

Sheria ya 1968 iliongeza kwamba silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ni kitu cha kale. Kisha Mei 1986 sheria nyingine ikazuia raia kusajili bombomu mpya. Bei za zilizosajiliwa zikapaa, na waliopenda mlio wa risasi za mfululizo wakaanza kuitazama hendeli kwa jicho jipya. Majimbo mengine yana masharti makali kuliko hayo, lakini kwa sheria ya taifa mlango ulibaki wazi.

Wakusanyaji ni watu wa aina mbili, na hawaelewani sana. Wa kwanza hutaka ya asili. Wamesoma kitabu cha Paul Wahl na Don Toppel cha mwaka 1965, na mbele ya Gatling jambo lao la kwanza ni kuinama juu ya kibao cha shaba kusoma tarehe za hataza, jina la Colt, namba, na herufi ndogo za mkaguzi wa serikali. Baadaye hutazama makomeo: je, ni ya bunduki hii, au yametolewa kwenye tatu tofauti? Gari lake la magurudumu ni lake, au seremala alilichonga juzi? Rangi iliyofifia haiguswi. Anayeing'arisha shaba ya miaka 140 kwa dawa ya kusugulia amejipunguzia thamani kwa mkono wake, na mnadani, ambako bei ni makumi na hata mamia ya maelfu ya dola, hilo si jambo dogo.

Wa pili hutaka ipige. Kwao ndiko nakala zilikozaliwa.

Kuunda Gatling ni mtihani wa fundi. Mitutu inanunuliwa; magurudumu ni kazi ya seremala; kasha linasubuliwa kwa shaba. Lakini ile njia ya mshazari ndani ya kasha haina njia ya mkato. Lazima ikerezwe kwa usahihi, iwe na sehemu bapa pale chini ili komeo lisimame kabisa limefunga wakati risasi inalipuka. Springi ikiachia mapema kidogo, komeo likiwa halijafika, ganda hupasuka hadharani na shaba kumrukia mpigaji. Ikichelewa, komeo linaanza kurudi risasi ikiwa bado haijalipuka, na baruti yenye unyevu huweza kulipuka baadaye kidogo kuliko inavyotarajiwa. Kwa hiyo mafundi huizungusha kwanza polepole kwa risasi za bandia zisizo na baruti, siku nzima, wakisikiliza. Wengi hubaki na shinikizo la baruti nyeusi hata kama chuma chao cha kisasa kinastahimili zaidi.

Wapo waliopunguza ukubwa. Karakana ya Furr Arms huko Orem, Utah ilijulikana kwa Gatling za vipimo mbalimbali zilizopunguzwa na zinazopiga kweli, na michoro ya kujiundia Gatling ya risasi ndogo za .22 imeuzwa kwa wenye mashine za kukereza majumbani. Kampuni ya Colt nayo ilirudi kwenye jina lake: katika karne hii zimetoka nakala za Bulldog ya 1877, mitutu mitano iliyofichwa ndani ya kasha la shaba, kwa risasi za .45-70 kama ya zamani. Hizi hununuliwa na wenye nacho. Risasi nazo si za mchezo: katika Gatling ya mitutu 10, hendeli iliyouzungusha mhimili mara moja imekwisha kula risasi 10, na mwenye nayo aliyezijaza mwenyewe karakanani kwake anajua kila moja ilimgharimu nini.

Wanajeshi walirudi pia, kwa mlango mwingine. Ndege za jeti zilipoanza kuruka kasi kiasi kwamba adui anakaa mbele ya mpigaji kwa nukta chache tu, wahandisi wa Marekani walikumbuka ile mota ya 1893. Walichukua Gatling ya kale, wakaifunga mota ya umeme, wakaona inawezekana. Juni 1946 kampuni ya General Electric ikapewa mkataba wa mradi wa Vulcan, ukazaa mzinga wa milimita 20 wenye mitutu sita unaopiga risasi 6,000 kwa dakika, uliowekwa kwanza kwenye ndege ya F-104. Mitutu inayozunguka, makomeo, njia ya mshazari, vyote vimo. Kilichokosekana ni hendeli.

Na hapo ndipo sheria iliposimama tena. Mwaka 2004 idara inayosimamia silaha ilitoa uamuzi namba 2004-5 kuhusu bunduki za aina hiyo zinazozungushwa kwa mota: hizo ni bombomu, kwa sababu mpigaji anabonyeza kitufe na mashine inafanya mengine. Anayeifungia Gatling yake mota amevuka mstari, hata kama hajagusa kitu kingine.

Familia ya Tippmann ya Fort Wayne, Indiana imepita pande zote mbili za mstari huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitengeneza bombomu za Browning za nusu ukubwa, nzuri kiasi kwamba leo zinagombaniwa. Sheria ya 1986 ilipofunga biashara hiyo waligeukia bunduki za kurusha vidonge vya rangi, mchezo uliowatajirisha. Miaka kama thelathini baadaye wakarudi kwenye silaha za moto na Gatling ndogo ya mitutu minane ya milimita 9, inayowekwa juu ya miguu mitatu. Juu yake haina kikasha cha risasi cha mtindo wa 1862. Inachomekwa magazini ya kawaida ya bastola ya Glock. Ubavuni kuna hendeli, na kwa sheria ya taifa inauzwa kama bunduki ya kawaida, bila ile kodi ya dola 200.